Ngozi ya Mwakiro

Ngozi ilikuwa na joto. Amisa alifungua chumba cha tatu kwa mkono wake mwenyewe, asubuhi moja ya mwezi wa saba, wakati Gitega ina baridi ya kukunja vidole, akaanza kupangusa vumbi. Alipofika kwenye ile ngozi ya kondoo mkono wake ukakuta joto la mahali ambapo mtu alikuwa amelala na ameamka sasa hivi. Akautoa upesi. Akajiambia ni jua. Lakini chumba kile hakikuwa na jua, kwa kuwa wale Wajerumani waliolijenga boma waliogopa mishale kuliko giza, na badala ya madirisha waliacha vitundu vya kupitishia mitutu ya bunduki.

Boma hilo limeona mengi. Limekaliwa na askari, likawa ofisi, likawa ghala, kisha likaachiwa popo. Mwaka huo walilipaka chokaa, wakafukuza popo na kufungua maonyesho. Chumba cha kwanza kilikuwa na mikuki na picha, cha pili vyungu na mirija ya kunywea pombe ya mtama, cha tatu vitu vya nyumbani. Huko ndiko ilikokuwa ingobyi, ngozi iliyolainishwa kwa siagi, ambayo mama wa zamani wa Burundi alimbebea mtoto mgongoni kabla vitenge havijaingia. Ililazwa juu ya meza bila kioo, kwa sababu vioo viliishia chumba cha pili.

Amisa ndiye aliyewaongoza wageni. Alikuwa mwanamke wa Kiislamu wa mtaa wa Yoba, mke wa Rachid, fundi cherehani wa sokoni, na alikuwa na mdomo mtamu. Mgeni aliyeingia amenuna alitoka anacheka. Waliomfahamu walishangaa anapata wapi kicheko hicho, maana mwaka mmoja nyuma alikuwa amemzika Layla, mtoto wake wa pekee, mwenye umri wa miezi minane. Homa ilimwanza Alhamisi, na Jumamosi kaburi likafukiwa.

Rachid alimwambia asilie. Mtoto ni amana, alisema, na mwenye amana kaichukua, na machozi ni kumgombeza Mungu. Kesho yake akafunga nguo zote za mtoto kwenye kitambaa na kuzitoa sadaka. Hakuwa mtu mbaya, Rachid. Aliogopa tu kwamba wakianza kulia hawatajua pa kuishia. Na mtaani, ambako Amisa alikuwa Mama Layla, watu walirudia kumwita Amisa, kwa huruma, na huruma hiyo ilimuuma kuliko tusi.

Sasa, joto lile la ngozi lilikuwa na sababu yake, na sababu ilikuwa imetokea jana yake. Walikuja wanawake wa kwaya ya kanisa kutoka mji wa Ngozi, wachangamfu, na mmoja akauliza ingobyi ilifungwaje. Kibao cha ukutani kilikataza kugusa. Lakini Amisa alipenda kuwafurahisha watu, naye akaichukua, akaitupa mgongoni, akazifunga kamba zake juu ya matiti na kiunoni. Akainama kidogo kama anayebeba, akachezacheza, akapeleka mkono nyuma na kupigapiga makalio ya mtoto asiyekuwepo, akisema hora, hora. Ndilo neno la kila mama wa nchi ile anapomnyamazisha mtoto. Wanawake wakapiga makofi. Mmoja tu hakupiga, mama wa makamo, ambaye alitoka akimwambia mwenzake kwa sauti ndogo kwamba ngozi tupu haibembelezwi. Amisa alimsikia, akampuuza.

Uzito ulikuja siku ile ile ya joto, mchana. Amisa alikuwa akiwaeleza wageni habari za vinu alipohisi kitu kimemkalia mgongoni, kizito kiasi cha kilo saba au nane, kimelala upande wa kushoto. Alijinyoosha, hakikuondoka. Akadhani ni uchovu. Katika kundi lile alikuwemo mwalimu mstaafu mwenye miwani, mtu wa adabu, ambaye walipokuwa wakitoka alibaki nyuma na kumsogelea.

"Madame," alimwambia, "funika mtoto miguu. Humu iko baridi sana."

Akaenda zake. Amisa alisimama peke yake kati ya zile kuta nene. Akapeleka mkono nyuma, polepole, chini ya ncha ya kitenge chake, na hapo vidole vyake vikagusa mguu. Ulikuwa mdogo, wa baridi, na ulikunja vidole ulipoguswa, kama wafanyavyo watoto. Mtu mwingine angepiga kelele. Amisa aliufunika.

Asiye na mwana aeleke jiwe, walisema wazee wetu, na sisi wenye watoto tunalisema neno hilo kwa kucheka. Amisa alikuwa ameeleka jiwe mwaka mzima. Jiwe lilipoota miguu, tumlaumu vipi?

Basi akawa naye. Ngozi aliiacha mezani, lakini mtoto alikwenda naye Yoba, alisonga naye ugali, alichota naye maji. Alijifunza kulala kifudifudi. Alipofua nguo alijikuta akichezacheza, na Rachid alimtazama kutoka mlangoni. Nyumba ikaanza kunuka siagi ya kale na maziwa yaliyochacha, harufu ambayo Rachid aliitafuta chini ya kitanda na nyuma ya masufuria asiione, mpaka jioni moja alipomkaribia mkewe akajua inatoka kwake. Kifuani gauni lilikuwa limelowa. Maziwa yaliyokauka wiki moja baada ya Layla kuzikwa yalikuwa yamerudi.

Amisa hakumficha. Alimwambia kila kitu, kwa sauti ya chini na uso uliotulia, na utulivu huo ndio uliomtisha Rachid zaidi. Alisema ana furaha. Alisema ni kitu kimoja tu kinachomsumbua, nacho ni kwamba mtoto huyu halii.

Kwa kweli alilia, ila hakuwa na sauti. Amisa aliligundua hilo taratibu, na kadiri alivyoligundua ndivyo hofu ilivyomwingia. Mara kwa mara, na hasa alipomwambia hora, alihisi mwili ule mdogo ukikakamaa mgongoni pake, kichwa kikirudi nyuma, mdomo ukifunguka begani mwake na pumzi ya moto ikimpiga shingoni, kifua kikipanda na kushuka kwa nguvu zote za mtoto anayelia mpaka akauke, na katika hayo yote chumba kikabaki kimya kabisa, akisikia cherehani ya jirani na kuku wanaochakura nje, akajiona kama mama kiziwi. Alimbembeleza zaidi. Na kadiri alivyombembeleza ndivyo ule mwili ulivyozidi kukakamaa, na ndivyo yeye mwenyewe alivyoanza kukosa hewa.

Alikonda. Mashavu yaliingia ndani, mgongo ukapinda. Siku moja, baada ya adhuhuri, Rachid alirudi kutoka sokoni akamkuta amelala kwenye mkeka, macho wazi, midomo imegeuka rangi ya majivu, pua na mdomo vimebonyea kana kwamba kitu laini kimekandamizwa juu yake, na wala hapakuwa na nguo wala mto wala mkono wowote pale, ila ile harufu ya siagi iliyojaa chumba kizima. Akamwinua, akampiga mgongoni, na kiganja chake, kabla hakijafika kwenye mgongo wa mkewe, kikagota kwenye kitu kingine, kitu chenye mbavu nyembamba. Amisa akavuta pumzi. Rachid akatoka mbio kumwita Maalimu Kassimu.

Maalimu Kassimu amewasomea wengi pale mjini. Amewaona majini wa kutukana, wa kudai marashi, wa kusema lugha ambazo mgonjwa hajawahi kuzisikia. Alifukiza ubani, akaweka mkono juu ya kichwa cha Amisa, akasoma tangu alasiri mpaka magharibi. Hakuna aliyejibu. Akabadilisha aya, akapandisha sauti, akaamuru, akatisha. Kimya. Mwishowe akafanya jambo ambalo Rachid hakuwahi kumwona akilifanya, akatega sikio lake kwenye mgongo wa mgonjwa na kukaa hivyo kwa muda mrefu. Alipoinuka macho yake yalikuwa na maji.

"Jini inaambiwa toka, inabisha ao inatii," alisema. "Huyu haiko anajua toka. Huyu hajaanza kusema. Mi nimsomee nini?"

Rachid akauliza basi wafanye nini. Maalimu akasema arudishwe kwa mtu wa kwanza aliyemfunga kwenye ngozi ile, kama yuko hai, maana mtoto hujua njia moja tu. Wasipomrudisha atakwenda na Amisa huko aliko. Hatafanya hivyo kwa ubaya, alisema, kwa kuwa mtoto akivuta nguo ya mama yake hajui kama anavuta.

"Wacha anivute," Amisa akasema kutoka mkekani. "Mmoja mulishanitoa ku mikono, mukanikataza kulia. Huyu mi simtoe."

Rachid alikaa chini, akaangalia mikono yake yenye alama za sindano. Walikaa hivyo mpaka giza likaingia. Na ni Amisa mwenyewe aliyesema kwanza, kwa sababu mgongoni pake ule mwili ulikuwa umeanza tena kukakamaa.

"Iko analia, Rachid," alisema polepole. "Kila siku analia na sauti haitoke. Na hanililii mi. Iko mtu anamlilia, na mi ndiye ninamfungia njia."

Asubuhi walikwenda bomani kwa Prosper, mkuu wa maonyesho, kijana msomi mwenye tai, wakijiandaa kwa mabishano. Vitu vya maonyesho havitoki hovyo. Lakini Prosper aliwasikiliza bila kuinua macho, na walipomaliza rangi yake ilikuwa imebadilika.

"Mi nilidhani ni mtoto wako," alimwambia Amisa. "Wiki mbili nakuona naye. Nilijua ni kinyume cha règlement ya kazi, lakini nilinyamaza, nikasema pengine haiko na mtu wa kumwachia."

Alikwenda mwenyewe kuileta ngozi, ameishika kwa ncha za vidole. Aliikumbuka vizuri. Ilitoka Mwakiro, mkoa wa Muyinga, kwa mkulima mmoja aitwaye Manase, aliyeitoa siku hiyo hiyo alipoombwa, akisema ni takataka za zamani.

Walipita Karuzi mpaka Muyinga, na kutoka hapo wakachukua pikipiki mbili. Dereva aliyempakia Amisa alimshauri amfunge mtoto vizuri kwa ajili ya vumbi, naye akafanya hivyo. Njia nzima alimsemesha. Alimwonyesha migomba na ng'ombe wenye pembe ndefu, akamweleza kwamba sasa wanakwenda kwao, na akamwomba msamaha, hakujua hasa kwa lipi. Rachid, kwenye pikipiki ya nyuma, alikuwa na ngozi ndani ya mfuko, na kila alipotupa macho mbele aliona kichwa kidogo kikiyumba begani mwa mkewe. Hakukiona siku zote hizo. Sasa alikiona.

Manase aliwapokea kwenye uwanja wa nyumba yake ya matofali. Alizaliwa kambini Tanzania na kukulia huko, na Kiswahili chake kilikuwa cha huko. Alipoiona ngozi alisema kwa aibu kwamba mama yake hajamsemesha tangu siku aliyoitoa. Yeye Manase alikuwa ameokoka, vitu vya kale havikumhusu, na siku hiyo mama alikuwa shambani. Angejua ina maana kwake angemuuliza.

Mama mwenyewe alikuja na jembe begani, akipitia kando ya mihogo. Aliitwa Kasilda. Hakufika miaka sitini, lakini alikuwa amezeeka kuliko miaka yake. Hakutazama ngozi wala hakutazama nyuso za wageni. Alitazama bega la kushoto la Amisa, jembe likamponyoka, na yeye akakaa chini kwenye udongo.

Habari aliwapa mwenyewe. Mwaka wa tisini na tatu, vita vilipofika kwenye kilima chao, alikimbia na mtoto wake wa kwanza, Kasiano, wa miezi minane, amemfunga kwenye ingobyi aliyopewa na mama mkwe wake. Walifika mto Ruvubu wakiwa kundi kubwa na hapakuwa na mtumbwi, wakajificha kwenye matete wakingoja. Waliowatafuta walikuwa wakipita juu barabarani, wakiongea.

"Akaanza kulia," Kasilda alisema. "Watu wote wakanitazama. Hawakusema kitu, walinitazama tu. Nikavuta ngozi ikafunika kichwa, nikampigapiga, nikamwambia hora, hora. Akanyamaza. Nikamshukuru Mungu, nasema kweli, nilimshukuru. Tulipovuka ndipo nikafungua."

Alimzika kando ya njia, kwa haraka. Huko kambini watu walikufa kila siku, na mtoto wake hakufanyiwa kuganduka, ile siku ambayo ndugu na majirani hukusanyika, wakanywa pamoja na kuuondoa msiba nyumbani. Kufanya hivyo kungemlazimu aseme alikufaje. Badala yake aliitunza ngozi. Kila mwezi aliipaka siagi, na akiipaka mtoto alilala. Alirudi nayo Burundi. Manase alipoitoa siagi ikakoma, na huko Gitega mtu asiyejua akaifunga mgongoni akamwambia mtoto neno lile lile.

Amisa alipiga magoti mbele yake. Kasilda hakumlaumu, alimpangusa tu vumbi usoni kwa kiganja. Kisha akageuka, akainamisha mgongo, na Rachid akamtandikia ngozi na kuzifunga kamba. Amisa akageuza mgongo wake ukagusana na mgongo ule, akasubiri ule uzito uhame.

Haukuhama. Wote walikiona kitambaa cha kichwa cha Amisa kikikazwa nyuma, kikivutwa na vidole ambavyo havikuonekana, na hapo kwa mara ya kwanza mtoto akatoa sauti. Kilikuwa kilio cha miaka thelathini kikitoka kwenye koo la mtoto wa miezi minane, kikapanda juu ya paa na migomba na kwenda mpaka kilima cha pili, kuku wakatawanyika, majirani wakatokea milangoni wakajishika vichwa, na Manase aliyeokoka akaanguka kifudifudi akiomba, na katikati ya kilio kile Kasilda akiita Kasiano, Kasiano, ni mimi mama yako, na kila alipoita mtoto alizidi kujikaza kwenye shingo ya Amisa. Hakumjua. Mama aliyemfunga kwenye ngozi alikuwa msichana mwenye maziwa. Huyu alikuwa mwanamke mzee, ananuka moshi na udongo.

Kasilda alilielewa hilo kabla ya wengine. Sura yake wakati huo Rachid asingependa kuikumbuka.

"Nenda, mwanangu," alimwambia Amisa. "Acha kitambaa mkononi mwake uende. Usigeuke. Ukigeuka atakufuata, na mimi sitaweza tena."

Amisa aliibandua mikono ile, kidole kimoja baada ya kingine. Ilikuwa na nguvu kama mikono ya watoto wote. Akaacha kitambaa, akashuka kilima kichwa wazi, maziwa yakimtiririka mpaka kiunoni, na nyuma yake mtoto akimlilia yeye, yeye na si mwingine, kwa kilio ambacho hakuna mama duniani asiyekijua. Hakugeuka. Rachid alitembea nyuma yake ili amzuie akitaka kugeuka, naye machozi yalikuwa yakimtoka, hayafuti, yale ya mwaka mzima.

Walifika barabarani kilio bado kinasikika. Wakasimama wakingoja gari. Kisha kilio kikakoma. Hakikufifia kama cha mtoto anayepitiwa na usingizi, kilikatika ghafla, pumzi ikiwa katikati, kama siku ile kwenye matete.

Rachid alimtazama mkewe. "Amelala," alisema. "Ao..."

Hakumaliza. Amisa alikuwa amekwisha kuweka mguu mmoja kwenye njia ya kupanda. Rachid akamshika mkono, kisha akamshika kwa mikono yote miwili, kwa kuwa wote wawili walijua kwamba akipanda hatashuka tena. Walisikiliza. Juu kule hapakusikika hata kuku.

Gari likaja kutoka upande wa mpakani, likasimama. Kondakta akafungua mlango, akawaangalia, akauliza muko wangapi.

"Wawili," Amisa akasema, akapanda.